Bango Lisilo na Maandishi

Ile X nyekundu niliikuta Jumatatu asubuhi. Ilikuwa imepigwa kwenye nguzo yangu kwa rangi ambayo bado ilikuwa inanata, na chini yake wameandika ONDOA, halafu SIKU 14. Nilisimama na magongo yangu nikaitazama. Nikaigusa kwa kidole, rangi ikanishika. Kisha nikafungua karakana kama kawaida, kwa sababu kulikuwa na mteja niliyemwahidi gurudumu lake litakuwa tayari saa tatu.

Karakana yangu iko Manyamanyama, hapa Bunda. Natengeneza baiskeli za magurudumu matatu, zile zinazoendeshwa kwa mikono, pamoja na viti vya magurudumu na magongo. Kazi hii nilijifunza kwa shida zangu mwenyewe. Polio ilinikuta nikiwa na miaka minne, kijijini kwetu ziwani, mguu wa kushoto ukabaki mwembamba kama wa mtoto. Baba alikuwa mvuvi, na alipokuwa hai alinichongea magongo kwa mbao zilizobaki kwenye mtumbwi. Shule nilisoma kwa sababu mama alinibeba mgongoni mpaka darasa la nne, nilipozoea kutembea mwenyewe. Wenzangu wengi wenye miguu kama yangu hawakupata mtu wa kuwabeba. Walibaki nyumbani wakichambua dagaa na kulinda vifaranga, na leo ni watu wazima wasiojua hata kuandika majina yao.

Baiskeli yangu ya kwanza ilinipeleka kila mahali kwa miaka mingi, mpaka fremu ikapasuka mahali ambapo haiwezi kuungwa tena. Mdogo wangu wa kike, ambaye ndiye mwenzangu kwenye karakana, alitaka tuiuze kama chuma chakavu. Mimi nikasema hapana, tuipandishe juu. Tulitafuta bomba nene la chuma, fundi wa kuchomelea akaifunga baiskeli pale juu, tukachimba shimo na kulisimamisha mbele ya mlango. Hatukuandika neno lolote. Upepo wa ziwani ukipiga mchana, magurudumu yanazunguka yenyewe, na mtu anayaona tangu akiwa kule kwenye lami. Baada ya muda watu waliacha kuita mahali pale jina jingine. Mtu akitoka Musoma au Butiama anaambiwa, "Shukia kwenye baiskeli ya juu," na anafika.

Ndiyo baiskeli waliyoipigia X.

Nieleze pia upande wao, kwa sababu walikuwa na sababu. Masika yaliyotangulia, upepo ulinyofoa bango la duka moja karibu na stendi likamwangukia mama aliyekuwa anauza ndizi, likamvunja mfupa wa bega. Nilimfahamu yule mama. Baada ya hapo ofisi ya mji ikatunga sheria ndogo mpya: kila bango la biashara liwe bati bapa, lipigiliwe ukutani, liwe na maandishi yanayosomeka, na kisiwepo kitu chochote kinachoning'inia au kusimama juu ya nguzo. Ilisomwa mbele yetu kwenye mkutano wa mtaa, na mimi nilinyoosha mkono kuunga mkono. Sikufikiria kabisa kwamba wananisema mimi. Niliona bango ni la wenye maduka.

"Dada, tuliondoe tu," mdogo wangu alisema jioni ile, akiwa anafagia. "Tutafute bati, tuandike kama wengine."

"Tuandike nini?"

"Karakana ya viti vya magurudumu."

"Nani atasoma?"

Aliendelea kufagia. Wateja wetu alikuwa anawajua. Ndiye aliyekuwa anawashikia vidole kwenye wino wakati wa kuchukua vifaa vyao.

Nilikaa nikaandika barua kwa mkono, kwenye karatasi yenye mistari. Nilianza na "Yah: Maombi ya kuruhusiwa kubaki na bango lisilo na maandishi." Nikaeleza kwamba sheria ni nzuri ila inataka bango lisomeke, na wateja wangu wengi hawasomi, kwa hiyo bango la maandishi kwao ni sawa na kutokuwa na bango. Nikaomba niruhusiwe nje ya kanuni, kwa masharti yoyote ya usalama watakayoweka. Masjala waligonga muhuri, wakanipa namba, na wakaniambia nifike Alhamisi kwenye kikao.

Alhamisi nilivaa kitenge changu kizuri nikaenda. Kikao kilikuwa ghorofani.

Niseme ukweli. Ngazi zile ningeweza kuzipanda. Nimepanda nyingi maishani mwangu, nakaa chini na kujisukuma kinyumenyume, ngazi moja moja, magongo nimeyashika mkononi. Lakini siku ile nilizitazama, nikaitazama nguo yangu, nikaona sitapanda. Nilikuwa naenda kueleza kuhusu watu wasiofika mahali kwa sababu mahali hapo hapakuwafikiria. Sikutaka kufika mbele yao nikiwa na vumbi la ngazi matakoni.

Mlinzi alinisogelea kwa upole. "Mama, kuna vijana wawili hapa watakubeba, ni dakika moja tu."

"Nilibebwa utotoni. Inatosha."

Nikakaa kwenye benchi la masjala. Baada ya muda akashuka afisa biashara, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri.

"Shikamoo mama. Kikao kiko juu."

"Marahaba. Mimi niko chini."

Alitabasamu kidogo. "Unaweza ukanipa maelezo, nikakusemea."

"Maelezo niliandika, mnayo. Leo nimekuja kuulizwa maswali."

"Sasa tutafanyaje?"

"Mnajua nyie. Mimi nina nafasi mpaka jioni."

Alipanda, akashuka, akapanda tena. Ilipita karibu saa nzima. Nilifikiri nimeharibu kila kitu kwa ukaidi wangu, na nikaanza kujisemea moyoni kwamba ngazi zenyewe hata si nyingi. Ndipo wakaja, watu wanne, kila mmoja na kiti chake, wakakipanga kikao pale kwenye korido. Watu waliokuja kugongewa mihuri wakanyamaza ili wasikie.

Waliuliza mambo mengi, lakini aliyeuliza la maana alikuwa mhandisi, mama wa makamo mwenye miwani, ambaye hakupandisha sauti hata mara moja.

"Hiyo baiskeli ina uzito gani?"

"Kama mbuzi mkubwa."

"Imefungwaje pale juu?"

"Imechomelewa sehemu tatu."

"Ikidondoka itamwangukia nani?"

"Itaniangukia mimi," nikamwambia. "Benchi langu la kazi liko chini yake. Nakaaga pale tangu asubuhi mpaka jua linazama."

"Hilo halinihakikishii kwamba haitadondoka."

"Basi njoo upime."

Alikuja Jumamosi, peke yake, na ngazi aliyoiazima kwa jirani. Alipanda na viatu vyake vya ofisini, akaanza kukwangua kwa bisibisi. Mimi nilikuwa chini nimejiandaa kwa maneno. Akashuka, akafungua kiganja. Kilijaa kutu, vipande vikubwa kama maganda.

"Viungo viwili ni vizima," alisema. "Hiki cha nyuma kimekwisha. Masika yajayo kingeachia."

Mimi ni fundi. Watu wananikabidhi miili yao kwenye fremu ninazounda na kukaza, na nilikuwa nimekaa chini ya kiungo kilichooza miaka yote ile, nikaenda mpaka ofisini kuapa mbele ya watu kwamba kiko imara.

Mhandisi alipoondoka mdogo wangu alikusanya vifaa kwa kelele kuliko kawaida yake.

"Ulikuwa tayari kugombana na ofisi nzima," alisema, "na hujawahi kuikagua hata siku moja."

"Ningepanda na mguu gani?"

"Mimi nina miwili. Hukuniomba."

Ilikuwa kweli, na iliniuma kuliko kutu ile. Tangu utoto nilikuwa nimejifunza kutoomba, mpaka nikafika mahali nasahau kwamba kuna mtu pembeni yangu ambaye angefurahi kuombwa. Nikamwomba radhi. Alisema sawa, ila alikula ugali wake siku ile bila kunitazama.

Tulimwita fundi, tukaishusha baiskeli. Safari hii sikutaka kuchomelea peke yake, nikataka na bolti nne nene, na nondo mbili za kuegemea ubavuni. Kazi ilichukua siku nne, kwa sababu umeme ulikuwa unakatika. Siku nne hizo nguzo ilisimama tupu, na siku ya tatu akafika mama mmoja wa kutoka upande wa Butiama.

Alifika kwa kutambaa. Magoti ameyafunga vipande vya mpira wa tairi, mikononi amevaa kandambili kama glovu. Jasho lilikuwa limemwisha, nguo yake nyekundu kwa vumbi. Nilimpa maji, akanywa yote kwanza, ndipo akasema.

"Nimepitiliza. Niliambiwa nishukie kwenye baiskeli ya juu. Nikamwambia yule wa bodaboda, twende tu, nitaiona. Hatukuiona. Amenishusha kule mbele kabisa, alikuwa na haraka. Nimerudi hivi hivi nauliza."

"Umeuliza watu wangapi?"

"Wengi tu. Wengine wanafikiri naomba msaada, wananiambia hawana."

Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mdogo wangu akaingia ndani, na najua alienda kulia, maana alirudi na uso uliooshwa. Sisi tulimpima yule mama urefu wa mikono, na nikachukua karatasi nyingine nikaandika yaliyompata, neno kwa neno alivyosema. Aliweka dole gumba chini yake. Karatasi ile niliipeleka masjala ikaunganishwa na faili langu.

Majibu yalikuja Ijumaa ya wiki ile ile. Afisa biashara aliniita mwenyewe kwa simu, na nilipofika alikuwa amenishukia chini, ana barua mkononi na uso wa mtu aliyeleta habari njema.

"Umekubaliwa, mama. Saini hapa."

Nilisoma. Barua ilisema hivi: ofisi, kwa kuihurumia hali ya ulemavu ya mwombaji, imeamua kumruhusu aendelee kutumia bango lake. Nikaisoma mara ya pili. Nikamrudishia kalamu.

"Sisaini."

"Kuna kosa la jina?"

"Jina liko sawa. Sikuomba kuhurumiwa."

Alicheka akidhani namtania, kisha akaona sitanii. "Mama, umepata ulichokiomba."

"Hapana. Mimi niliandika kwamba wateja hawasomi. Hiyo ndiyo sababu. Na mhandisi amepima, akarudi akaziona na bolti, hiyo ya pili. Hapa hamkuandika hata moja. Mmeandika mguu wangu."

"Ni neno tu, mama. Ni lugha ya ofisi."

"Basi kama ni neno tu, lifute."

Alishusha pumzi. Alikuwa kijana mzuri, na nafikiri aliumia, kwa sababu sentensi ile aliiandika yeye akidhani ananifurahisha. "Nikilifuta, kikao lazima kikae upya. Kinakaa mara moja kwa mwezi. Na zile siku kumi na nne zinaisha keshokutwa. Hii barua ndiyo inayokulinda. Bila hii, wanaokuja kukata wakija, mimi sina cha kuwaonyesha."

"Sikiliza, mwanangu," nikamwambia. "Wewe una huruma, nashukuru. Utahamishwa. Atakuja mwingine asiye na huruma, atasoma hii barua, ataona haina sababu yoyote isipokuwa huruma ya mtu aliyeondoka. Atanikatia. Na akija mtu mwenye miguu yake miwili, mwenye wateja wasiosoma kama wangu, mtamwambiaje? Akavunje mguu kwanza?"

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka. Afisa hakucheka. Alikunja barua akairudisha kwenye bahasha, akasema, "Haya mama. Umeamua mwenyewe."

Nyumbani nilimweleza mdogo wangu. "Mara hii sitakuambia tuliondoe," alisema. "Ila wakija, usinitume mimi kuongea nao. Ongea mwenyewe."

Walikuja siku ya kumi na tano, wawili, na mashine ya kukatia chuma na waya mrefu. Walikuwa wanaume wa heshima, walisalimia, wakaomba wapate pa kuchomeka umeme. Niliwaambia umeme wangu ni wa kazi yangu. Nilikuwa kwenye benchi, nguzo iko nyuma ya mgongo wangu, nanyoosha gurudumu lililopinda. Niliendelea kukaza spoki.

"Mama, tunaomba usogee kidogo," mkubwa wao alisema. "Tusije tukakuumiza."

"Maombi yangu yako ofisini, hayajajibiwa. Namba yake hii hapa." Nilikuwa nimeiandika kwa chaki kwenye ubao wa benchi.

"Sisi hatujui habari za maombi. Tumepewa orodha."

"Basi piga simu kwa waliokupa orodha. Mimi nipo."

"Na wakisema tukate?"

"Mtakata na mimi nikiwa nimekaa hapa hapa. Sitawatukana, sitawashika. Ila sitasogea."

Watu walianza kukusanyika. Wateja wawili waliokuwa wanasubiri walisogeza baiskeli zao mpaka kwenye benchi, mmoja kulia kwangu, mmoja kushoto, wakafunga breki. Sikuwaomba. Mdogo wangu alitoka na kikombe cha chai, akaniwekea, akachukua kigoda akakaa karibu na miguu yangu akaanza kutenganisha bolti kwenye kopo, kama vile ndiyo kazi iliyomleta pale.

Yule mkubwa alisogea pembeni na simu yake. Nilisikia anasoma namba yangu ya masjala, polepole, tarakimu moja moja. Akasikiliza. Akasema, "Ndiyo mhandisi. Ndiyo. Bolti naziona. Sawa mhandisi." Akarudi, akaanza kukunja waya.

"Amesema tuache mpaka kikao. Ila kusema kweli mama, ungenipa tu ule umeme ningekuwa nimeshamaliza kabla sijapiga simu."

"Najua," nikamwambia. "Ndiyo maana sikukupa."

Alicheka, na kabla ya kuondoka akaniuliza bei ya magongo ya mama yake.

Kikao kilikaa mwezi uliofuata, kwenye korido, viti vikiwa vimepangwa kabla sijafika. Barua ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza na haikuwa na utamu wowote. Ilisema kwa kuwa wateja wengi wa karakana hiyo hawajui kusoma, na kwa kuwa mhandisi ameridhika na uimara wa nguzo, mwombaji anaruhusiwa kwa mwaka mmoja, kwa sharti kwamba nguzo isogezwe ndani kutoka barabarani, na ikaguliwe kila mwaka kabla ya masika. Mguu wangu haukutajwa popote. Nilisaini hapo hapo. Afisa biashara aliniletea kalamu, na nilipomshukuru aliitikia tu kwa kichwa. Alihamishwa mwaka ule ule, kama nilivyosema, na sikupata nafasi ya kukaa naye tukaongea kama watu. Hilo nalijutia.

Kusogeza nguzo kulitutesa siku mbili nzima, maana chini kuna jiwe. Yule mama wa Butiama alikuja kuchukua baiskeli yake tukiwa bado tunachimba. Alizunguka karakana mara tatu akijaribu kukata kona, akagonga ndoo yetu ya maji, akaondoka bila kuaga vizuri kwa jinsi alivyokuwa na haraka ya kuonekana nayo kijijini.

Habari zilienea kwamba kuna njia ya kuomba. Mwenye mashine ya kusaga aliomba aning'inize jiwe la zamani la kusagia juu ya mlango wake, mhandisi akaenda akalitazama, akalikataa papo hapo, na mimi ningelikataa vilevile. Mama mmoja anayepima macho alikubaliwa kuchora jicho kubwa ukutani badala ya maandishi. Aliponijia nimwonyeshe jinsi ya kuandika barua nilimsaidia, ila nilimwambia asiweke popote neno la kuomba huruma, hata kama anafikiri litamsaidia.

Tangu hapo kila mwaka naandika upya. Mdogo wangu anapanda na bisibisi, anakwangua kila kiungo, ananisomea anachokiona, mimi naandika. Napeleka masjala, nagongewa muhuri, nasubiri kikao chini. Mwaka huu afisa ni mpya kabisa, binti, hanijui. Alilipekua faili langu ambalo sasa limenenepa, akaniuliza kama sichoki kuandika barua ile ile kila mwaka. Nikamwambia kutu nayo haichoki, asaini kuwa ameipokea.